Dakika Hamsini za Angani

Majirani walimwita Cheche kwa kazi yake ya kuchomelea mageti. Kwa miaka saba waliomuuliza mbona haendi kumtazama binti yake walipata jibu moja: "Kule mbali. Basi linalala njiani." Kweli barabara ilikuwa mbovu na basi lililala njiani, ila sababu haikuwa hiyo. Sababu ilikuwa mkwewe, mpiga gitaa. Cheche alimkataa mbele ya washenga, akasema hatoi mwanawe kwa mtu anayekula kwa kukuna nyuzi. Binti aliolewa naye hivyo hivyo.

Mwaka huu binti akapangiwa upasuaji wa uvimbe shingoni. Mkewe Cheche hakubishana na mtu. Alimkatia mumewe tiketi ya ndege.

"Kilomita ngapi?" Cheche aliuliza.

"Mia nne na kidogo. Angani dakika hamsini."

"Dakika hamsini? Hata rangi ya geti haikauki."

"Ndiyo hivyo. Kaoge."

Na kweli, hajamaliza chai yake, rubani akatangaza kuwa wanatua. Cheche alichungulia dirishani. Barabara aliyoisingizia miaka yote ilikuwa pale chini, nyembamba kama uzi. Uso ulimwaka, akageukia mbele.

Nje ya uwanja wa ndege alimkuta mkwewe, ameshika funguo za gari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Yakaishia hapo.

Hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji, na lori lilikuwa limepinduka katikati ya barabara. Foleni haikusogea. Muda waliokaa garini ulishapita ule wa ndege. Gari lilipojikokota kidogo, kitu kiligongagonga chini yake. Cheche alivumilia, uvumilivu ukamwisha.

"Nani kakuchomelea hilo bomba la moshi?"

"Mimi mwenyewe, baba."

"Inasikika."

Mkwe alicheka, halafu akatazama lori.

"Upasuaji umekwenda vizuri," alisema. "Alipozinduka tu, akaniambia nije mimi mwenyewe kukupokea, nisitume mtu."

"Kwa nini?"

"Aliogopa utageuza na ndege hiyo hiyo."

"Nililifikiria hilo," alisema Cheche. "Kukataa ni haki ya mzazi. Lakini maneno yale niliyokutolea mbele za watu hayakuwa haki."

"Yaliniuma, baba. Siwezi kusema hayakuniuma."

"Usiseme."

Walipofika wodini jua lilikuwa limeshuka. Binti alikuwa amefungwa bandeji shingoni. Aliwatazama mmoja mmoja wakiingia, kisha akauliza kwa sauti iliyokauka, "Mmekuja gari moja?"

"Ndiyo," alijibu Cheche. "Usiongee, utatonesha kidonda."

Kiti kilikuwa kimoja. Mkwe alimsogezea mzee, yeye akakaa ukingoni mwa kitanda. Wakakaa hivyo, binti kamshika baba yake kidole gumba, mpaka muuguzi alipokuja kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha.