Sekunde Tatu za Mke wa Mlinzi

Mdogo wangu alikuwa amepoteza mimba mbili, kwa hiyo hii ya tatu hakuitaja kwa jina. Aliiita "hiyo shughuli". Kazini walipotafuta wajawazito wa kujaribia mashine yetu mpya ya ultrasaundi kabla haijapelekwa hospitali, nilimwambia aje. Nilijisifu kidogo pia, kwamba sehemu ya ndani kabisa ya mashine hiyo nimeiandika mimi.

Ninaandika kerneli, yaani ile programu iliyo chini ya programu nyingine zote, inayoamua nani atumie nini na mpaka lini. Katika mashine yetu, kadi ya kunasa picha inaandika kwenye kurasa fulani za kumbukumbu ya mashine, na programu ya skrini inasoma kurasa hizo hizo. Hakuna kunakili, maana kunakili kunachelewesha. Kurasa zinabeba sekunde tatu za picha, kisha mzunguko unaanza upya. Kadi na skrini hazijuani kabisa. Kerneli ndiyo inayohesabu nani ameshika nini. Mama mmoja akimaliza kupimwa, pande zote mbili zinaachia, kurasa zinafutwa, na mama anayefuata anapewa nyingine.

Mwezi uliopita kazi yangu ilikaguliwa na mwenzangu tunayemwita Komeo, kwa sababu hawezi kuandika mistari kumi ya programu bila kuweka kufuli mahali. Aliniuliza swali moja tu, kwa maandishi: "Skrini isipoachia je?" Nikamjibu kwa neno moja: "Haitatokea." Programu ya skrini niliijua, aliyeiandika nilimjua, na siku hiyo nilitaka kuwahi nyumbani. Komeo akaidhinisha. Si mtu wa maneno mengi.

Jumatano mchana alitangulia mke wa mlinzi wa getini, ambaye mimba yake na ya mdogo wangu zinapishana kwa siku nne. Alipimwa, akajifuta tumbo kwa karatasi, akatoka akituaga mmoja mmoja. Mdogo wangu akapanda kitandani. Alikuwa amenishika kidole gumba, kama alivyokuwa akinishika tukivuka barabara utotoni.

Mpimaji, kijana mpole mwenye miwani, aligusa jina jipya kwenye skrini, akaweka kipimo tumboni. Picha ikaja hapo hapo. Mtoto, mgongo wake, na moyo unaodunda.

"Huyo hapo," mpimaji akasema. "Mzima kabisa."

Mdogo wangu alichukua simu, akapiga picha skrini, akamtumia mama. Kisha akaanza kucheka. Ana kicheko cha mwili mzima, tangu mdogo, na tumbo likatikisika mpaka mpimaji akacheka naye.

Mtoto hakutikisika.

Nikatazama vizuri. Mkono mdogo uliinuka mpaka usoni, ukashuka. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Mkono uliinuka mpaka usoni, ukashuka. Kadi ilikuwa imepewa kurasa mpya na ilikuwa inaandika huko kwa bidii, lakini skrini haikuwa imeachia zile za zamani. Ilikuwa inazisoma tena na tena. Tulikuwa tunamtazama mtoto wa mke wa mlinzi.

Nitasema ukweli: nilifikiria kunyamaza. Simu ya mdogo wangu ilishalia, mama ametuma ujumbe wa sauti akishukuru na kulia kwa pamoja, na yeye anausikiliza kwa mara ya pili. Ningeweza kuita hitilafu ya umeme, nikampeleka hospitali kesho. Lakini angelala na mtoto wa mtu mwingine kwenye simu yake, na kama shughuli yake ilikuwa imeshakwisha, angekuwa ameifurahia bure.

"Zima mashine," nikamwambia mpimaji.

"Si inafanya kazi?"

"Haifanyi. Hiyo picha si yake."

Mdogo wangu aliweka simu chini. "Dada, unasema nini?"

"Ni ya yule aliyetoka. Kosa ni langu mimi, nililiandika kwa mkono wangu. Tunaanza upya."

"Kwa hiyo wangu yupo au hayupo?"

"Sijui."

Mashine yetu inachukua dakika nne kuwaka. Katika mikutano tumewahi kujivunia dakika hizo nne. Mdogo wangu alilala akitazama dari, mikono ubavuni, kidole changu ameshakiachia. Mpimaji alifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Mimi nilikuwa naogopa, na nilikuwa na aibu, na sikuweza kujua kipi kilikuwa kikubwa.

Skrini iliwaka. Jina lake likaandikwa tena. Kipimo kikawekwa, picha ikaja ya kijivu tupu, mpimaji akasogeza mkono kushoto, akasogeza tena. Kisha mgongo ukaonekana, na kichwa, na pale katikati kitu kidogo kikifumba na kufumbua.

"Moyo," mpimaji akasema, taratibu safari hii.

Nilimgeukia mdogo wangu nikitegemea machozi. Alikuwa anaitazama picha kwa macho makavu, kama mtu aliyeletewa barua akasoma anwani kwanza.

"Na huyu," akauliza, "ni wa nani?"

Maelezo ya kitaalamu kutoka kwangu asingeyakubali, na nisingemlaumu.

"Kohoa," nikamwambia.

Akakohoa. Kwenye skrini mtoto akarushwa juu, akatua, akatupa miguu.

Akangoja atulie, akakohoa tena. Mtoto akaruka. Mpimaji alimwambia imetosha, akamwambia tena, lakini yeye aliendelea kukohoa.