Kura Moja ya Mwalimu Costancia

Jimbo lile limepiga kura mara nyingi tangu vyama vingi vianze, na kila mara wenyeji wa mlima wa Vidunda wameteremka, wamekula pilau ya watu, wamevaa fulana za watu, kisha wakapanda kurudi kwao kwa miguu. Maneno hayo si yangu. Ni ya Mwalimu Costancia, na aliyasema mbele ya wajumbe mia sita na kumi na mbili wa kura za maoni za chama, ukumbini Mikumi, ndani ya dakika tatu alizopewa za kujinadi. Sasa jamani, mtu unaomba kura kwa kuwasomea watu historia yao?

Alikuwa amefundisha shule ya msingi huko mlimani miaka thelathini na mmoja, na somo lake lilikuwa historia. Kila uchaguzi aliuweka kichwani: kura za mlimani zilikuwa ngapi, zilikwenda kwa nani, zilivutwa na nini. "Mara ya kwanza tulizitoa kwa chumvi," alisema jukwaani. "Mara ya pili kwa sare za kwaya. Mara ya tatu kwa mpira na jezi, na mwaka ule wajawazito wanne tuliwateremsha kwa machela. Siwalaumu walioshinda. Wao waliomba, sisi tukagawa kama ubwabwa wa msibani." Akaomba kura zao ili apiganie barabara, akainama kidogo, akarudi kwenye kiti chake cha plastiki.

Makofi yalirindima. Yeye, na usomi wake wote, akayaamini. Mjumbe humpigia makofi kila anayesimama mbele yake, hata fundi aliyekuja kurekebisha spika siku ile alipigiwa.

Wagombea walikuwa kumi na mmoja, lakini mwenye shughuli alikuwa mmoja: Alfred, tajiri wa magari na nyumba za wageni pale barabara kuu. Wajumbe wa Vidunda waliletwa Mikumi kwa Fuso lake. Costancia naye alipanda Fuso hilohilo, kwa kuwa gari jingine halikuwepo, akaketi mbele na dereva kwa heshima ya ualimu, anakwenda kushindana na mwenye gari. Walipoteremka, Alfred alikuwa mlangoni anapokea watu. Akampa mkono mume wa Costancia, mwenyekiti wa tawi, akamwambia, "Karibu, Boniface." Hakuna aliyewatambulisha. Costancia akaiona hiyo, ikamkaa kifuani.

Asubuhi, kabla ya kupanda gari, Boniface alikuwa amemwambia, "Mimi ni wako, Mama Angela, hilo usilifikirie kabisa. Wewe kura yako mpe mzee yeyote kwa heshima."

Na hapo inabidi nieleze kitu, maana bila hicho hamtaelewa ukatili wenyewe. Vidunda watu wamelelewa na misheni. Kanisani, ukifika uchaguzi wa wazee au wa umoja wa akina mama, wagombea wote hutolewa nje. Wanasimama nyuma ya kanisa, wanaongea habari za mvua, wenzao ndani wanapiga kura. Hakuna anayejipigia. Kujipigia kura mwenyewe ni kujitukuza, ni uroho, ni jambo ambalo mtu akilifanya mlimani atasemwa hadi kwenye mazishi yake. Costancia alikuwa katibu wa akina mama kwa vipindi vinne, na vipindi vyote vinne alisimama nje. Mlima mzima ulijua kwamba mwalimu hawezi kujipigia.

Pale Mikumi hakuna aliyetolewa nje. Akapewa karatasi kama wajumbe wengine. Aliishika muda mrefu. Akaona aibu, kweli akaona aibu, kama vile marehemu mchungaji yuko nyuma yake anachungulia. Halafu akaukumbuka ule mkono wa Alfred na lile jina lililotajwa kama la rafiki wa siku nyingi. Akaandika jina lake mwenyewe. Akaikunja karatasi mara nne, akaitumbukiza, akarudi kukaa. Hesabu yake ilikuwa fupi: mimi na Baba Angela, tayari ni mbili. Akipata mbili atakuwa ameshindwa, lakini atakuwa na mume.

Saa kumi msimamizi akasoma matokeo. Alfred, mia nne na kumi na nane. Ukumbi ukalipuka. Wengine wakafuata, na kila namba ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia. Kisha: "Mwalimu Costancia, kura moja."

"Hata mumewe?" mtu akauliza kutoka nyuma, na wajumbe wakacheka hadi wengine wakapiga viti. Boniface akatoa leso akafuta uso, akatikisa kichwa kama mtu anayeshangazwa na ubaya wa wengine.

Costancia hakuhitaji kumtazama. Alikuwa amekwisha jua.

Nje, kwenye vumbi la malori, Costancia alifuatwa na mjumbe wa Kilangali aitwaye Nyanda, Msukuma mwenye ng'ombe wengi na maneno machache.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mimi sikukupigia. Ulisema kweli tupu, lakini Alfred ameniahidi lambo la kunyweshea ng'ombe. Nimeona nikwambie mwenyewe."

"Asante, Nyanda."

"Haya, safari njema." Akaondoka zake. Costancia alimtazama mpaka akapotea kwenye vibanda vya nyama choma. Hakujua kwamba huyo ndiye mtu wa mwisho atakayemwambia kweli kwa muda mrefu.

Maana kilichotokea baada ya hapo, hata shetani angekaa pembeni kujifunza. Kura ile moja, kwa akili za watu wa mlimani, haikuwa na mwenyewe. Si ya mwalimu, hawezi kujipigia. Si ya mumewe, kila mtu alijua Boniface ni wa Alfred tangu Pasaka, isipokuwa mkewe. Kwa hiyo ilikuwa kura yatima, na yatima mwenye faida huwa hakosi wazazi.

Wa kwanza alikuwa Scholastica, mwenyekiti wa umoja wa akina mama, rafiki yake tangu wakiwa shule ya bweni. Hakungoja hata wafike nyumbani. Fuso liliposimama Kidodi watu wakateremka kujinyoosha, akamvuta pembeni, akamnong'oneza sikioni: "Ile moja ilikuwa yangu, mwaya. Usimwambie mtu." Akalia na machozi.

Kesho yake akaja mzee wa kanisa na kikapu cha ndizi. Ile kura, mwalimu, akasema, iache tu, Mungu anajua ni yangu. Akaja mwanafunzi wake wa zamani, siku hizi fundi cherehani: "Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha kushika kalamu, ningempa nani mwingine?" Wakaja wengine watatu, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja kwa siri, na kila mmoja anamwomba asimwambie mtu.

Costancia aliwapa chai wote. Mwanzoni aliwasikiliza kwa uchungu tu. Alipofika wa tatu, uchungu ukaota meno. Akaanza kuwadadisi kwa upole, ule upole wa mwalimu aliyekwishaiona karatasi ya kuibia chini ya dawati. "Uliiandika kwa kalamu ya rangi gani?" Bluu, wakasema, mmoja akasema nyeusi. "Ulisikiaje rohoni ulipoandika?" Amani, mwalimu, amani tupu. "Na waliokaa karibu yako hawakukuona?" Hapo fundi cherehani alieleza jinsi alivyoifunika karatasi kwa kofia, akaonyesha kwa mkono, mpaka chai ikammwagikia. Costancia akamfutia suruali kwa kitambaa, akamshukuru. Alitamani kusema, mwongo mkubwa wewe, kura ile ni yangu. Lakini angesema vipi? Kuwaumbua wao ilikuwa ni kujiumbua yeye. Alikuwa amejifungia na ufunguo ameumeza.

Na bado, kati ya wote hao, alikuwa anamngoja mmoja tu. Usiku akilala na mchana akipalilia, alikuwa anamwombea Boniface apate nguvu ya kusema maneno manne: sikukupigia, mke wangu, nisamehe. Msamaha alikuwa ameshauandaa. Miaka thelathini na tatu ya ndoa haivunjwi na karatasi, alijiambia. Aseme tu. Asije naye kama wale.

Siku ya tano Boniface, aliyekuwa amebaki Mikumi tangu uchaguzi, akapanda mlima na pikipiki mpya, nyekundu, yenye karatasi za nailoni kwenye kiti. Ameteuliwa kuwa meneja wa kampeni wa kata, akasema, chama kimemwamini. Akala ugali, akanawa, akakohoa.

"Mama Angela, watu wananisema vibaya. Nataka ulijue jambo moja. Ile kura ni yangu. Chama ni chama, lakini mimi nilikupigia."

Costancia alikuwa ameshika bakuli la mboga. Akaliweka chini taratibu.

"Kwa kalamu ya rangi gani, Baba Angela?"

"Bluu," akasema Boniface bila kupepesa, akachokoa meno.

Alikuwa wa saba.

Jumamosi Alfred akapanda Vidunda kutoa shukrani. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, ileile ya Costancia, asubuhi kweupe. Akina mama waliimba, Scholastica akiongoza. Boniface alishika kipaza sauti, fulana imembana tumboni. Costancia alikaa mstari wa mbele kwa kuwa walioshindwa huitwa kuonyesha umoja, na asipokuja wangesema ana kinyongo.

Alfred alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha na kipaza sauti ni hatari. Akashukuru, akaahidi, akatania. "Nasikia huku kwenu kuna mtu alimpigia Mwalimu," akasema. "Asimame tumwone. Sina ubaya naye, nataka tu nimpe mkono, maana huyo ni jasiri kuliko sisi wote."

Watu wakacheka. Costancia akageuka kwenye kiti, akawatazama mmoja baada ya mwingine. Fundi cherehani alikuwa anafunga kamba za viatu. Mzee wa kanisa alikuwa anatafuta kitu mfukoni. Scholastica alikuwa anacheka na wenzake, kitambaa mdomoni. Kisha akamtazama mumewe. Boniface alikuwa amesimama ubavuni mwa Alfred, anacheka kwa sauti, na kipaza sauti kilikichukua kicheko kile kikakipeleka mpaka bondeni.

Costancia akasimama.

"Ni mimi," akasema. "Nilijipigia mwenyewe. Kwa kalamu nyeusi." Akaendelea kwa sauti ileile aliyozoea kuitia majina ya wanafunzi asubuhi. "Ila naomba kuwashukuru walionijia nyumbani kuniambia kwamba ni yao. Mama Mwenyekiti Scholastica. Mzee wetu wa kanisa. Fundi." Akawataja wale wengine watatu kwa majina ya ubatizo. "Na Baba Angela, ambaye aliniambia juzi, baada ya kula."

Alfred akageuka kumtazama meneja wake. Kwa kitambo kifupi Costancia aliisikia haki, na ilikuwa tamu. Kisha Scholastica akasimama, mikono kiunoni, na uso mkavu usio na hata chembe ya haya.

"Katibu," akauliza, "ulijipigia kura? Wewe?"

Mguno ukapita uwanjani. Akina mama wakaziba midomo. Mtu akasema, mwalimu mzima, jamani, kumbe ndivyo alivyo. Mwingine akasema ndiyo maana ukatibu haukumtoka miaka yote hiyo, nani ajuaye alikuwa anafanya nini. Wale saba wakasahaulika pale pale. Uongo wao ulikuwa wa kumliwaza mtu, na nani hajawahi kumliwaza mtu? Lakini kujipigia! Mzee wa kanisa aliacha kutafuta mfukoni, akanyanyua kichwa, akatikisa kwa huzuni.

Boniface akakichukua kipaza sauti mkononi mwa Alfred. "Mheshimiwa," akasema, na sauti ilimtetemeka kweli, "kwa niaba ya familia yangu, naomba radhi."

"Tumesamehe," akasema Alfred. Makofi yakalia, marefu, ya moyoni, wala si kama yale ya Mikumi.

Costancia alitembea peke yake kurudi nyumbani. Boniface alifika baadaye, akasimama mlangoni bila kuvua kofia. Alikuwa ameumia, na hakuwa anaigiza. Ndilo lililomtisha Costancia.

"Kwa hiyo tangu asubuhi ile ulikuwa huniamini," akasema. "Nilikwambia mimi ni wako, ukaenda ukajipigia. Mke wangu wa ndoa."

"Ningekuamini, ningepata sifuri, Baba Angela."

Boniface akafikiri. Akalipima jambo lile kwa dhati, kama mtu anayetaka kuwa wa haki.

"Bora sifuri," akasema. "Sifuri ingekuwa na heshima yake."

Akawasha pikipiki, akateremka Kidodi kuchukua fulana za kampeni. Kila aliyekutana naye njiani alimsimamisha akampa pole.