Ndoyi wa Mama Chloé

Kamina ilikuwa imeshabaki nyuma, njia ya Kaniama imejaa watu na mizigo, na Mama Chloé bado alikuwa anarudisha kitenge juu ya ndoyi wake kila upepo ulipokifunua. Ilikuwa 1997, mwaka wa vita, mvua za mwisho. Miye, jirani yao, nilisukuma baiskeli yangu, picha imefungwa juu yake. Mume wake, Abdias, karani wa reli, aliishika kwa nyuma.

Ndoyi ni mtu mwenye jina lako. Huyu alikuwa mwanamke wa kizungu aliyechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya kitambaa: nguo nyeusi mpaka shingoni, lesi nyeupe, mkono juu ya kitabu. Walimchora Uingereza, zamani za babu zetu. Mjukuu wake, mmisionari, alimleta Kamina akamtundika sebuleni. Mama Kyabu, aliyefua nguo humo, alipozaa msichana, mmisionari akampa mtoto jina la bibi yake: Chloé. Mwaka wa 1960 mmisionari aliondoka, akamwachia mtoto picha. Kwetu jina likishapita hivyo, ninyi ni mtu mmoja. Hata Talitha, binti ya Mama Chloé na Abdias, kabla ya kuolewa Likasi, aliisalimia kila asubuhi: “Jambo, kambo,” kama anavyosalimiwa bibi mzaa mama.

“Niko na babibi babili,” Abdias aliniambia, yaani wake wawili. “Mumoja tu njo anakulaka.”

“Na ule hakule njo anakuvumilia,” Mama Chloé akajibu.

Mvua ikaanza. Lori la askari waliokuwa wanakimbia kama sisi likasimama. Nyuma lilikuwa wazi, na redio yao inalowa. Mkubwa wao akafunua kitenge, akasugua picha kwa dole gumba.

“Hii nguo iko na mafuta. Maji haipite.”

Akaikata kwa kisu, akaitupa ndani ya lori juu ya redio, fremu akaitupa majanini.

“Chef, tafazali,” Abdias akasema. “Kamata kinga, picha acha.” Kinga ni baiskeli, nayo ilikuwa yangu. Nikashika usukani.

“Kinga itafunika redio? Huyu muzungu ni nani?”

Abdias alimtazama mke wake, akitaka aseme uongo wowote. Yeye akajibu kama alivyojibu maisha yake yote, kwamba huyo ndiye yeye:

“Njo miye.”

Askari wakacheka sana. “Kama njo weye, panda basi! Ufunike redio!”

Walikuwa wanatania. Yeye akapanda.

“Chloé, shuka!”

“Nishuke namna gani, na yeye iko humu?”

Abdias akashika ubao wa nyuma. Askari mmoja akampiga vidole kwa kitako cha bunduki. Lori likaondoka, na kwenye njia panda likakata kushoto. Tulisimama pale mvuani. Kukimbiza lori kwa miguu, haiwezekani.

Abdias alifika Kaniama. Vidole viwili havikunyooka tena. Alifundisha hesabu, akafa kwa malaria. Lori lilikutwa tupu upande wa Kapanga. Redio haikuwemo, picha haikuwemo. Wale askari hatukujua majina yao. Mama Chloé hakuonekana tena. Talitha alizaa msichana, akaogopa kumpa jina la mtu asiyejulikana kama yuko hai, akamwita Émerence. Fremu nilirudi kuitafuta, watu walikuwa wameshaipikia kama kuni. Baiskeli ninayo.