Rasimu za Shemeji

Shemeji alikufa mwaka jana, na kompyuta yake nayo ilikuwa inakata roho. Mimi ni fundi wa kompyuta, tena fundi mwenye ulimi, kwa hiyo nilimwambia dada yangu waziwazi: barua pepe za marehemu tuzihamishe leo, la sivyo tuziage kabisa.

"Zihame, lakini zisipungue," alisema. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kazi cha marehemu. Tangu msiba hakuna aliyekalia kiti cha shemeji. Nilipokikalia, baridi ilinipanda mgongoni, nikajikaripia kimoyomoyo. Mtu mzima mimi, nina watoto.

Nikamweleza. Programu ya shemeji ilikuwa ya kizamani: barua zote za folda moja zinashikanishwa ndani ya faili moja refu, moja inaanzia pale ilipoishia nyingine. Faili likipata dosari katikati, unaweza kupoteza zote. Mtindo ninaoupenda mimi ni kila barua na faili lake. Ikiharibika moja, zilizobaki ziko salama.

"Basi fanya huo unaoupenda, mdogo wangu. Ila ile yangu usiipoteze."

Nilijua anasema ipi. Walikuwa wamegombana vibaya, dada akarudi kwa mama. Akiwa huko alimwandikia mumewe kuomba msamaha. Shemeji hakujibu. Siku ileile presha ilimwangusha, akafa peke yake nyumbani. Baada ya mazishi dada alikuta kwenye folda ya rasimu jibu lililoanzwa: "Mke wangu," na mkato, basi. Mwaka mzima alikula na kulala na ule mkato. Mawifi zake walishasema kaka yao kafa na kinyongo, naye akawaamini nusu. Alichotaka kujua hapa duniani kilikuwa kimoja tu: mumewe alimsamehe au hakumsamehe.

Nikaendesha programu ya kugeuza, folda moja baada ya nyingine. Ya rasimu ilikuwa na barua moja. Upande wa pili zikaanza kutoka nyingi, mfululizo, kama kumbikumbi baada ya mvua.

"Mbona nyingi?" dada akauliza. Alikuwa ameshaingia chumbani bila kujijua.

Nywele zilinisimama, sisemi uongo. Kisha ufundi ukanirudia. Kwenye lile faili refu, barua ukiifuta haiondoki. Inatiwa alama ya kufichwa tu, inabaki palepale mpaka faili libanwe, yaani zilizofichwa zitupwe kabisa, na shemeji hakuwahi kulibana. Kila alipokuwa akiandika, programu ilihifadhi nakala baada ya dakika chache na kuificha ile ya nyuma. Programu yangu ya kugeuza haizijui alama zile. Ilikuwa imefukua kila kitu.

"Ni jibu lako," nikasema. "Hatua kwa hatua, jinsi alivyokuwa akiliandika. Dada, sikiliza. Naweza kulibana faili kwanza, halafu nigeuze upya, ibaki ile moja. Maji yakimwagika hayazoleki. Hujui humu kuna nini."

"Fungua."

Nilimjua shemeji akikasirika, na ningekataa kama ningeweza. Ya kwanza ilikuwa "Mke wangu," tu. Ya pili ilikuwa na mistari miwili. Ya tatu aya nzima, na matusi humo ndani. "Umeniaibisha mbele ya ndugu zangu. Kaa hukohuko kwa mama yako." Dada alisoma kwa sauti ndogo, hakuruka neno. Nilitamani kuichomoa mashine ukutani.

Iliyofuata, tusi moja halikuwepo. Iliyofuata tena, sentensi nzima imeondoka. Tulikuwa tunamwona anafuta. Nilisikia mtu anapumua nyuma ya shingo yangu. Nilijua ni dada, lakini sikugeuka kuhakikisha.

Aya ikaisha yote, ukabaki mstari mmoja. "Mke wangu, kaa hukohuko." Nikafungua nyingine. "Mke wangu, kaa hukohuko, nakuja." Nikafungua nyingine. "Mke wangu, kaa hukohuko, nakuja kukuchukua. Haya si mambo ya kuandikiana."

Kisha ya mwisho, ile ya siku zote. "Mke wangu," na mkato.

"Kafuta," nikasema. Hasira zilinipanda, sikujua za nani. "Kapata neno jema mwishoni, halafu kalifuta. Mtu gani huyu?"

Dada alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mikono mapajani.

"Walimkuta mlangoni," alisema, "amevaa viatu, funguo za gari mkononi. Nilipofika, mimi ndiye niliyemvua viatu vile. Mwaka mzima najiuliza jioni ile alikuwa anakwenda kwa nani."