Mama wa Viti Mbele ya Dasta

Jana niliota nimeitwa kutoa hukumu, na niliyepaswa kumhukumu amekaa akinisubiri juu ya sufuria la pilau lililopinduliwa.

Mimi huhariri kamusi elezo ya mtandaoni, kazi ya kujitolea. Jioni kabla ya kulala nilikuwa nimebandika alama ya kufutwa kwenye makala ya Mwanaidi Shemdoe, aliyeanzisha biashara ya kukodisha viti na maturubai ya harusi pale Korogwe. Nililitafuta jina lake mtandaoni kote, sikuona gazeti lililomtaja. Sheria ni sheria: asiyeelezwa na vyanzo huru hana makala. Nililala usingizi wa mtu mwenye haki.

Sasa tuko ukumbini. Mwenyekiti ni dasta ya kufutia ubao, mkubwa kama godoro, anakohoa vumbi la chaki.

"Shikamoo, mama," namsalimu mwanamke.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyesema sijulikani?"

"Si mimi, mama. Ni kanuni."

"Hiyo kanuni iliolewa wapi? Maana kama iliolewa Korogwe, wageni wake walikalia viti vyangu."

Dasta anagonga meza. "Mashahidi waingie. Wasiwe ndugu zake, wala waajiriwa wake, wala wasiwe wamekula kwake."

Inaingia tovuti ya biashara yake, imepaka mafuta, inanukia. "Huyu ni gwiji, nguli, nyota ya..."

"Unalala wapi?" Dasta anauliza.

"Kwake."

"Toka."

Habari moja ya gazeti inapita mbio nje ya dirisha. "Viti vililetwa na..." inasema, kisha imeshapotelea sokoni.

"Hiyo imemtaja kwa kupita," anasema Dasta. "Haihesabiki." Anashuka mezani, anaanza kumfuta mwanamke kuanzia miguuni.

Mama hakulia. Alitazama mahali miguu yake ilipokuwa, kama mtu aliyepoteza kandambili. "Mwanangu, ukinifuta, kesho watasema biashara aliianzisha marehemu mume wangu. Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini hakuwahi kubeba hata kigoda."

Hapo roho iliniuma, nasema kweli. Nikaomba nafasi niwatafute mashahidi tena.

Ukumbi ni maktaba sasa. Magazeti yamelala kwenye rafu, yanakoroma. Naita, "Mwanaidi Shemdoe!" Naita tena kwa sauti ya mnadani. Gazeti moja linajigeuza ubavu, linaendelea na usingizi wake. Dasta amefika magotini.

"Bwana mdogo," kinasema kiti cheupe cha plastiki kando ya mlango, "unamwita nani?"

"Mwenye jina hilo."

"Sisi ametubeba kichwani tangu hana hata turubai, na jina hilo hatulijui. Mtu mzima mwenye watoto unamwita kwa jina la cheti? Kwenu hamfundishwi adabu?"

Nikasimama kama niliyemwagiwa maji. Kumbe nilikuwa namtafuta kwa jina ambalo mwandishi yeyote wa Korogwe angeona haya kulitamka mbele yake.

"Mama, kifungua mimba wako anaitwa nani?"

"Hidaya," akasema. Kiuno chake kilikuwa kimeanza kufutika.

"Mama Hidaya!"

Rafu zote zinaamka. Gazeti la kwanza linashuka na ukurasa mzima wenye picha yake. Kipindi cha redio kinaingia kikiongea peke yake. Tasnifu ya chuo inakuja mwishoni, nzito, inahema, inaburuta tanbihi zake sakafuni.

"Wewe ni ndugu yake?" Dasta analiuliza gazeti.

"Sina undugu naye. Niliomba anipunguzie bei, akakataa."

"Umemsifu?"

"Nusu. Nusu ya pili nimeeleza turubai lake lilivyomwangukia bwana harusi."

"Nilimlipa suti," anasema Mama Hidaya.

"Chanzo huru," anatangaza Dasta, na mara hiyohiyo anajitundika msumarini.

Miguu ilirudi, tena na viatu vipya. Jina lake ukutani, lililokuwa jekundu kama la mtu asiye na makala, likageuka buluu kama la aliye nayo. Masufuria yakapiga vigelegele, viti vikapandana mpaka darini kwa furaha, nami nikacheza na ile tasnifu, ambayo licha ya uzito wake ilikuwa na kiuno chepesi ajabu. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kushindwa kesi.

"Siku nyingine," akaniambia Mama Hidaya akinipa sahani ya pilau, "mtu kamuulizie kwao."

Nikaamka kabla ya tonge la kwanza, jambo ambalo bado linaniudhi.

Makala niliyotaka kuifuta haikutaja mtoto hata mmoja. Niliisoma tena yote kuhakikisha. Kisha, nikijiona mjinga, nikaandika kwenye kisanduku cha kutafutia: Mama Hidaya, viti, Korogwe.

Jibu la kwanza lilikuwa ukurasa mzima wa gazeti. Pichani mwanamke yuleyule amekaa juu ya sufuria lililopinduliwa, anamtazama mpiga picha kama anayemtazama mtu aliyechelewa kuja.