Ua wa Mama Nthenya

Mwaka ule wa njaa, themanini na nne, mchwa walizila nguzo za mkonge za ua wa Mutindi hata ukabaki kama kinywa cha bibi kizee. Aliyepita nje aliona jiko, akaona sufuria, akaona na kilichomo ndani ya sufuria. Na aliyepita kila asubuhi alikuwa jirani yake, Mbinya.

"Mama Nthenya! Leo pia ni majani ya kunde matupu? Huyo bwana yako wa Mombasa amekosa mshahara, ama amepata bibi wa pili?"

Mutindi alicheka, maana pale Mukuyuni ukikasirikia mzaha umekubali ni kweli. Kisha akainama kukoroga sufuria. Mumewe hakuwa ametuma hata salamu tangu mvua ikatae, na nywele za mtoto wao Nthenya zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu.

Ndipo akaamua kuuziba ua. Alikata matawi ya miiba huko mtoni akayasokota katikati ya nguzo, akashona magunia makuukuu kwa kamba ya mkonge, akapasua debe, akalinyoosha kwa jiwe na kulipigilia penye pengo la jikoni. Mikono ilimtoka damu. "Wacha nife njaa yangu mwenyewe," alijiambia.

Mbinya alipopita akasimama. "Heh! Mama Nthenya amejenga benki!"

Mutindi akaingia ndani. Alikaa jikoni akampa mtoto maji ya chumvi, na hakuna jicho lililomwona.

Juma lililofuata mahindi ya manjano ya msaada yalifika kanisani. Wazee wa kanisa walikuwa na heshima yao: kumwuliza mama wa watu kama ana njaa ni kumvua nguo. Kwa hivyo walipita tu njiani na mkokoteni, wakitazama maboma, na walipoona shida wakasimama, wakapima.

Mutindi aliusikia mkokoteni ukija. Alimfunga Nthenya mgongoni, akasimama nyuma ya gunia, akangoja.

"Na hapa?" Ilikuwa sauti ya Mzee Musembi.

"Hapa hapaonekani kitu," mwenzake akajibu. "Mtu hafuniki bure, mzee. Huyu ana ghala."

Mzee Musembi akamwita Mbinya, aliyekuwa mlangoni pake: "Wewe ndiye jirani. Hawa wanakula?"

Mutindi akatega sikio. Ulimi ule uliomwanika mbele ya kijiji kizima, leo aliuombea ufunguke.

"Mimi? Kusema kweli sijui," Mbinya alisema. "Siku hizi sioni ndani. Si umwulize mwenyewe?"

"Hapana. Tusimwaibishe."

Magurudumu yakalia tena.

Neno moja tu la kuomba lingetosha. Mutindi alilitafuta, midomo ikakataa. Alipolipata akafungua lango na kukimbia, lakini mkokoteni ulikuwa umefika kwa Mbuvi, boma la mbele, na Mzee Musembi alikuwa akikung'uta gunia la mwisho.

"Aa, Mama Nthenya," alisema kwa upole, macho chini. "Ungetuambia."

Mbinya alikuwa bado mlangoni pake, beseni limejaa mahindi. Alimtazama mtoto mgongoni, na mzaha wote ukamtoka usoni. Akachota kwa viganja viwili.

"Lete leso."

Mutindi akatandaza pindo la leso. "Asante, Mama Kiilu," alisema, akimwita Mbinya kwa jina la mwanawe, na neno likamkwaruza likitoka.

Viganja viwili ni mlo mmoja. Kesho ingembidi aje kulisema tena.