Mbuzi Aliyemeza Usangi

Usiku wa kuamkia leo niliota naingia jikoni kwangu, nikaikuta simu ya mjukuu wangu imekaa kwenye kigoda changu, imejitanda kanga, inatetemeka kama mtu mwenye homa.

"Shikamoo, Bibi," ikasema.

"Marahaba. Unaumwa nini?"

"Usingizi. Mjukuu wako haniachi nilale. Ananiwasha, ananizima, ananiwasha tena. Hata chooni ananibeba. Bibi, nimeona mambo ambayo simu haikuumbwa kuyaona."

Nikaionea huruma. Mjukuu wangu Naelijwa amemaliza kidato cha sita, akaomba nafasi chuo kikuu asomee udaktari wa mifugo, na tangu hapo tunasubiri majina ya waliochaguliwa. Kusubiri huko kumemkausha. Sahani inarudi jikoni kama ilivyotoka. Usiku nasikia chaga za kitanda chake zikilia, asubuhi anatoka na macho mekundu kama aliyepuliza kuni mbichi. Mtoto niliyemlea mwenyewe, sasa nikimshika mkono nashika mifupa.

"Mwite aje hapa," nikaiambia simu. "Leo lazima ale."

"Hayupo. Chuo kimeshamchukua."

"Kachaguliwa?"

"Hapana. Kavundikwa."

Nilishtuka mpaka mwiko ukaniponyoka. Huku kwetu Usangi tunavundika ndizi, hatuvundiki watoto. Unachimba shimo, unatandika majani makavu ya mgomba, unapanga ndizi mbichi, unafunika vizuri, unaacha joto lifanye kazi yake. Ukifunuafunua, baridi inaingia na ndizi zinabaki vilevile. Kazi hiyo naijua kuliko jina langu. Lakini binti wa watu, mwenye cheti?

"Nani kamvundika?"

"Utaratibu," ikasema simu. Ikazima kioo, ikalala.

Nafungua mlango wa nyuma nikimbilie shambani. Shamba halipo. Kuna ukumbi mrefu, sakafu inang'aa, inanukia dawa ya kudekia. Mwisho wa ukumbi kuna meza, na nyuma ya meza ameketi mbuzi beberu, amevaa joho jeusi na kofia yenye kishada. Anakitafuna kile kishada.

Nimefuga mbuzi maisha yangu yote na sijawahi kumsalimia hata mmoja. Lakini ofisi ni ofisi.

"Habari za kazi, baba."

"Nzuri, Bibi. Karibu. Umemfuata nani?"

"Naelijwa. Aliyeomba kutibu mifugo."

Mbuzi akajishika sikio. "Ana mikono ya baridi?"

"Ana mikono ya joto."

"Afadhali," akasema, akaonekana amepumua.

"Nataka kumwona. Hajala."

"Hapa mtu anaingia kwa jibu au kwa mji. Kitendawili!"

Nikacheka kimoyomoyo. Amejileta mwenyewe! Wajukuu wote wa nyumba ile nimewalaza kwa vitendawili, na hajazaliwa wa kunishinda. Nikafunga kanga vizuri kiunoni. "Tega!"

"Wanipendao ndio wanaonichelewesha."

"Mgeni anayeaga. Kila mtu anamshika mlangoni."

"Hapana."

"Mtoto anayejifunza kutembea. Kila mtu anambeba."

"Umesogea, ila hapana."

"Bwana harusi?"

Mbuzi akaacha kutafuna. "Nipe mji, Bibi."

Ndiyo sheria ya vitendawili, ukishindwa unatoa mji. Tangu nikiwa mtoto nimetoa miji na kupewa miji, na hakuna hata mmoja uliowahi kuondoka mahali pake. Nikasema kwa dharau, "Chukua Korogwe."

"Unaishi Korogwe?"

"Siishi."

"Basi usigawe vya watu. Toa wa kwako."

"Haya, chukua Usangi, ushibe!"

Akafungua mdomo. Kabla sijakaa sawa, Usangi yote ikaja mbio ukumbini. Milima imekunjwa kama mkeka, barabara imeviringwa, migomba imebebana. Nyumba yangu ikapita mbele ya macho yangu, nikaziona hata nguo zangu za ndani kwenye kamba, nikaona haya. Vyote vikaingia mdomoni mwa mbuzi. Gwiii! Akameza. Tumboni mwake ikalia kengele ya kanisa, ikafuata adhana, kisha nikamsikia jirani yangu Mama Elinighe akifoka, "Jamani, nani kazima jua?"

Nikashika kichwa. "We mbuzi! Nitarudi wapi mimi?"

"Ukipata jibu nitakutolea. Sisi tunacheua, usihofu." Akafuta ndevu. "Ila usikawie. Kikishafika tumbo la mwisho, hakirudi. Pita."

Napita. Mlango unafunguka kwenye uwanja mpana. Nilitegemea madarasa, naona mashimo. Safu kwa safu, yamefunikwa majani makavu, kila moja linafuka moshi kidogo. Kutoka chini nasikia sauti za vijana. Huyu anajumlisha alama zake upya, yule anasali, mwingine anajiambia, "Hata cherehani ni kazi, hata cherehani ni kazi."

Shimo la Naelijwa nalitambua kwa kikohozi chake. Nachungulia kwenye kitundu cha moshi, jani siligusi. Amelala chali. Na loo! Ameiva nusu. Njano safi, kuanzia nyayo hadi kiunoni. Nusura nipige vigelegele.

Ndipo mkono unatokea hewani. Mkono tu, hauna mtu. Nautambua kwa saa yake, ni wa mjomba wake Elihaki, anayeishi Arusha. Unafunua majani.

"Vipi, Naelijwa, wametoa majina?"

"Bado, Mjomba," anajibu mtoto kwa adabu, meno yanagongana. Baridi imeingia. Ile njano inashuka hadi magotini.

Mkono unafunika, unaondoka umeridhika kabisa.

Unakuja mwingine, umejaa unga. Wa Mama Elinighe. Mwenyewe yuko tumboni mwa mbuzi, lakini mkono umepata nafasi. "Wametoa, mwanangu? Nasikia mtoto wa kule ng'ambo ya mto kashaitwa." Njano inashuka hadi vifundoni. Unakuja mkono wa mchungaji, mlaini, wenye harufu ya sabuni. "Tunakuombea sana. Eti wametoa?" Ikabaki njano kwenye kidole gumba cha mguu, basi.

Nikapandwa na hasira. "Wajinga nyie! Nani kawafundisha kuvundika? Mtoto atakaa humo mpaka lini mkimfunuafunua?"

Mikono ikatawanyika kama kuku. Nikashusha pumzi.

Kisha ukaja mmoja taratibu, haukubabaika, ulijua mahali. Una pete ya shaba na kovu la panga. Ukainua majani kwa upole, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala.

"Mke mwenzangu," ukasema, na sauti ilikuwa yangu, "wametoa?"

Naelijwa akawa kijani hadi meno.

Nikatazama upande wangu wa kulia. Mkono wa gauni unaishia pale unapoishia, na baada ya hapo hamna kitu.

Sijawahi kushtuka hivyo, macho wala usingizini. Asubuhi, kabla ya salamu, mimi namwuliza. Akitoka bombani na ndoo kichwani, namwuliza. Akishika kijiko namwuliza, halafu nashangaa kijiko kinarudi chini. Nilifikiri namwonyesha mapenzi. Na kweli yalikuwa mapenzi! Yale yale ya mjomba, ya jirani, ya mchungaji...

"Ndizi!" nikapiga kelele. "Ndizi iliyovundikwa! We mbuzi, ni ndizi!"

Beberu alikuwa nyuma yangu, sijui tangu lini. "Umekawia, Bibi, lakini umepata." Akakohoa, akanyoosha shingo, akacheua. Usangi ikatoka nzima, imelowa, inafuka mvuke. Mama Elinighe akatoka anajifuta kwa upande wa kanga, anatafuta wa kugombana naye. Mlima mmoja ulikaa upande, mbuzi akauweka sawa kwa pembe.

"Angalia kama imetimia."

"Imetimia. Sasa niambie, baba. Mjukuu wangu atapata chuo?"

"Sijui."

"Ofisi yote ile, na joho, hujui?"

"Mimi ni mbuzi, Bibi. Nakaa mlangoni."

"Na akikosa?"

Akatafuna kidogo. "Akikosa, atoke humu akiwa mzima. Mengine yatasemwa akishakula."

Hewani mikono imeanza kurudi, sasa ni mingi, imetanda kama nzige. Ya mashangazi, ya walimu wake wa zamani, ya watu nisiowajua kabisa. Nami nina mkono mmoja, tena wa kushoto. Nitawazuiaje?

Nakusanya gauni langu. Nakaa juu ya shimo. Nakaa na uzito wangu wote, nao Mungu hakuninyima.

"Bibi, sogea kidogo tuulize," inasema mikono.

"Sisogei."

"Swali moja tu!"

"Kaulizeni bei ya sukari."

"Lakini sisi tunampenda!"

"Najua. Mpendeni kutoka huko huko mliko."

Ikazungukazunguka, ikanung'unika, ikachoka, ikaondoka. Ukabaki ule wa pete ya shaba, umesimama mbele yangu, unavuta pindo la gauni langu kwa aibu.

"Na wewe njoo," nikauambia. Nikaurudisha mahali pake, kisha nikaukalia, maana siuamini.

Chini kukatikisika. "Nani huyo mzito hivyo?"

"Mimi, bibi yako."

Halafu, kwa sauti ndogo, "Bibi, wametoa?"

Sasa yeye ndiye aliyeniuliza mimi! Nikaona jinsi swali lile linavyouma likikupata. "Sijui, mama. Na leo sitaki kujua. Joto linakuja?"

"Linakuja."

"Basi lala."

Nikasikia akigeuka upande. Baadaye kidogo akaanza kukoroma, mkoromo mzito wa marehemu babu yake. Sikuthubutu hata kupiga chafya.

Nikaamka. Mkono wa kulia nilikuwa nimeulalia, umekufa ganzi wote. Jua limeshapanda. Nikafungua dirisha haraka nikatazama nje. Usangi ipo, na milima yake.

Nikachemsha viazi. Siku nyingine zote namkuta Naelijwa kizingitini ameinamia simu. Leo kizingiti kitupu. Alitoka chumbani viazi vikiwa mezani, anapiga miayo, mikunjo ya mto imemchora shavuni.

Ulimi wangu ulishafika kwenye meno. Nikaurudisha.

"Viazi hivyo," nikasema.

Akaketi. Akamenya kimoja, akala. Akamenya kingine.

"Bibi, uliingia chumbani kwangu usiku?"

"Sikuingia. Kwa nini?"

"Basi tu. Nimelala fofofo. Ila mbavu zinaniuma, kama kuna mtu alinikalia."

Akajikuna kisogoni, vidole vikanasa kitu kwenye nywele. Akakitoa, akakiweka mezani kati yetu. Kipande cha jani kavu la mgomba, kimekunjamana, kinanukia moshi.

"Hili limetoka wapi?" akauliza.

Nikaligusa kwa mkono wa kushoto. Lilikuwa bado la moto.

"Kula," nikamwambia, nikamsogezea chumvi.